Bibi Asema Hapana, Mjukuu Asema Ndiyo

Tuanze na swali moja tu, la aina inayoulizwa kwenye madodoso ya afya ya akili ya watoto: katika miezi 6 iliyopita, mtoto huyu amekuwa mwepesi wa kuogopa, mwenye hofu nyingi? Majibu ni matatu. Si kweli hupewa 0, kweli kiasi hupewa 1, kweli kabisa hupewa 2.

Tuseme anayeulizwa ni bibi anayelea mjukuu wa miaka 12. Mhojaji anampa shikamoo, anakaribishwa kiti, anasoma swali. Bibi hasiti. "Huyu? Huyu hana neno. Anaamka alfajiri, anafagia uwanja, anachota maji, anakwenda shule. Mwalimu wake hajawahi kuniita." Mhojaji anaandika 0. Baadaye wanakaa pembeni na mjukuu, mbali na masikio ya watu wazima, na swali ni lilelile. Mtoto ananyamaza kwanza, halafu anasema, "Usiku silali vizuri. Bibi akikohoa naamka kusikiliza kama bado anapumua." Mhojaji anaandika 2.

Dodoso moja, mtoto mmoja, kipindi kimoja, na majibu yamesimama kwenye ncha mbili. Mhojaji mgeni wa kazi hii atataka kujua nani kasema kweli. Nadhani hapo ndipo tunapopotea, maana wote wawili wamesema kweli. Bibi amesema alichokiona, mjukuu amesema anachokihisi, na ipo sababu nzuri ya bibi kutokiona: hofu yenyewe inamhusu yeye. Mtoto anayeogopa kumpoteza mlezi wake hawezi kwenda kumwambia mlezi huyohuyo, "Naogopa utakufa." Hofu hiyo haina njia ya kumfikia bibi isipokuwa mtu mwingine aulize.

Ili kuelewa jambo hili vizuri, tujiulize jibu la dodoso linatoka wapi. Daktari wa malaria anachukua tone la damu na kuangalia vimelea kwa darubini. Tabia na hisia za mtoto hazina tone la kuchukua. Tunachopata ni maneno ya mtu, na maneno hayo yamesafiri safari ndefu kabla ya kuwa tarakimu kwenye karatasi. Lazima jambo litokee. Lazima mtu awepo likitokea. Aliyekuwepo aligundue, aone kwamba si la kawaida, alikumbuke miezi baadaye, aelewe kwamba ndilo linaloulizwa, kisha akubali kulisema mbele ya mgeni. Kila hatua inachuja kitu, na chujio la mlezi si chujio la mtoto.

Hatua ya kuwepo ndiyo rahisi kuielewa, lakini husahaulika haraka. Mama anamwona mtoto nyumbani, mwalimu anamwona darasani kati ya watoto wengi, mtoto mwenyewe yupo kote, hata ndani ya kichwa chake. Kipimajoto cha Tanga mjini na cha Lushoto milimani vikisomwa saa moja, siku moja, vitatofautiana, na hakuna atakayesema kimoja kimeharibika. Kwa mtoto pia joto la nyumbani na la shuleni si moja. Mtoto anaweza kuwa mpole kwa mama na mgomvi uwanjani, au mkimya darasani na mkaidi mezani.

Hili limepimwa kwa macho. Andres De Los Reyes na wenzake, katika utafiti uliotoka mwaka 2009, walichukua watoto 327 wenye umri wa kabla ya kuanza shule. Walimkalisha kila mtoto kwenye chumba cha uchunguzi, wakati mwingine na mzazi, wakati mwingine na mtafiti asiyemjua, huku wataalamu wakirekodi utundu, hasira na ukaidi wake. Kisha walilinganisha na madodoso ya mzazi na mwalimu. Watoto ambao mzazi peke yake ndiye aliyewalalamikia walikuwa wasumbufu zaidi wakiwa na mzazi. Wale ambao mwalimu peke yake ndiye aliyewalalamikia walikuwa wasumbufu zaidi mbele ya mtu mzima mwingine. Tofauti ya karatasi mbili, ambayo mtu angeitupa kama makosa ya kipimo, ilikuwa inaeleza mahali ambapo tatizo linaishi. Kwangu mimi huu ni miongoni mwa ugunduzi mzuri kabisa wa fani hii, kwa sababu ulichukua kitu kilichoonekana kama takataka za takwimu na kukuta kimebeba habari.

Sasa tuje kwenye ukubwa wa tofauti zenyewe. Mwaka 1987 Thomas Achenbach wa Chuo Kikuu cha Vermont, pamoja na Stephanie McConaughy na Catherine Howell, walikusanya matokeo ya tafiti 119 zilizouliza watu mbalimbali kuhusu watoto walewale. Walitumia kipimo cha uwiano. Kipimo hiki kikiwa 1, kulijua jibu la mmoja kunatosha kumpanga mwingine mahali pake barabara. Kikiwa 0, jibu la mmoja halikusaidii chochote kukisia la mwenzake. Watu wa nafasi inayofanana, kama baba na mama, walifikia wastani wa 0.60. Watu wa nafasi tofauti, kama mzazi na mwalimu, 0.28. Mtoto mwenyewe akilinganishwa na watu wazima wanaomzunguka, 0.22. Mwaka 2015 De Los Reyes na wenzake walirudia hesabu hiyo kwa tafiti 341 zilizofuata, wakapata wastani wa 0.28. Miaka karibu 30 ya kuboresha madodoso haikulisogeza jambo hili kwa kiasi cha kujivunia.

Hiyo 0.22 ina maana gani kwa watoto halisi? Tuifanyie hesabu ya mfano, na msomaji achukue kalamu. Tuseme wilaya ina watoto 1,000. Walezi wakiulizwa, wanawataja watoto 100 kuwa wana tatizo. Watoto wenyewe wakiulizwa, 100 wanajitaja. Kwenye ripoti idadi zimelingana, 100 kwa 100, na afisa wa mipango anaweza kufunga jalada akiwa ameridhika. Lakini je, ni watoto walewale?

Kama majibu hayahusiani kabisa, bahati nasibu peke yake itawakutanisha watoto 10 kwenye orodha zote mbili, yaani sehemu moja ya kumi ya wale 100. Uwiano wa 0.22 kati ya majibu ya ndiyo na hapana unaipandisha idadi hiyo hadi karibu 30. Basi 70 wametajwa na walezi tu, na 70 wengine wamejitaja wenyewe tu. Ukisema mtoto atahesabika iwapo wote wawili wamekubaliana, wilaya ina watoto 30 wenye tatizo, asilimia 3. Ukisema inatosha mmoja wao kutaja, wilaya ina watoto 170, asilimia 17. Watoto hawajabadilika, na idadi ya washauri nasaha wanaohitajika imezidishwa karibu mara sita kwa kubadilisha kanuni moja ya kuhesabu. Ndiyo maana nikisoma taarifa inayosema asilimia fulani ya watoto wa mahali fulani wana matatizo ya tabia, kitu cha kwanza ninachotafuta ni nani aliulizwa.

Kuna mtego mwingine kwenye mfano huohuo. Hesabu watoto ambao mlezi na mtoto wametoa jibu moja: 30 waliotajwa na wote, na 830 ambao hakuna aliyewataja. Jumla ni 860, asilimia 86 ya makubaliano! Mtu akiandika kichwa cha habari kwamba walezi na watoto wanakubaliana kwa asilimia 86, hajadanganya, lakini amepotosha. Hata majibu yangekuwa ya kubahatisha, 810 wangekosa kutajwa na yeyote na 10 wangetajwa na wote, na makubaliano yangekuwa asilimia 82. Jambo likiwa adimu, watu hukubaliana kirahisi kwamba halipo. Kwa sababu hiyo mwaka 1960 Jacob Cohen alipendekeza kipimo kinachoondoa kwanza makubaliano ya bahati, kinachoitwa kapa, ambacho bado kinatumika.

Tofauti haisambai sawasawa kwenye matatizo yote. Watafiti huyagawa matatizo ya watoto katika makundi mawili makubwa. Kuna yanayotoka nje na kugonga watu wengine: ugomvi, ukaidi, wizi, uongo, utoro. Na kuna yanayobaki ndani: hofu, huzuni, wasiwasi, kujiona hufai. Achenbach na wenzake walikuta makubaliano makubwa zaidi kwenye kundi la kwanza. Mapema zaidi, mwaka 1982, Barbara Herjanic na Wendy Reich huko St. Louis, Marekani, waliwahoji watoto na mama zao kila mmoja peke yake. Mama waliripoti zaidi tabia zinazoonekana, watoto waliripoti zaidi hali za moyoni. Na kabla ya hapo, mjini Buffalo katika miaka ya 1950, Rema Lapouse na Mary Monk waliwauliza mama na watoto kuhusu hofu, na mama walitaja hofu chache kuliko watoto wao.

Ukifikiria safari ya jibu, hakuna la ajabu. Kioo kikivunjwa kwa jiwe, mtaa mzima umesikia. Huzuni haivunji kioo. Lakini mambo ya nje nayo yana upande wa gizani. Mtoto anayetoroka shule anahakikisha mlezi hajui, na anayeiba anaficha. Hapa mtoto anajua zaidi, ila ana sababu zaidi za kunyamaza, hasa penye fimbo. Kwa hiyo si sahihi kufanya kanuni ngumu kwamba mambo ya ndani muulize mtoto na ya nje muulize mlezi. Wizi wa pipi dukani haumo kabisa kwenye ripoti ya mama asiyeujua.

Kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, kinastahili kutajwa hapa. Mwaka 1964 na 1965, Michael Rutter, Jack Tizard na Kingsley Whitmore waliwafuatilia watoto wa miaka 10 na 11 wa kisiwa kizima, zaidi ya 2,000. Wazazi walijaza dodoso, walimu walijaza lao. Kila dodoso lilichagua idadi inayokaribiana, lakini kwa sehemu kubwa hawakuwa watoto walewale. Timu hiyo iliporudi kuwaona wakiwa na miaka 14 na 15, vijana wengi walieleza huzuni na unyonge ambao wazazi na walimu hawakuwa wameugundua. Kijana alikula, alikwenda shule, alijibu salamu, na ndani yake kulikuwa na mtu mwingine.

Hatua ya kuona kwamba jambo si la kawaida ina somo lake, na hapa Afrika Mashariki imo. Mwaka 1993 John Weisz na wenzake walichapisha matokeo ya kuwauliza wazazi wa watoto wa miaka 11 hadi 15 wa Embu nchini Kenya, wa Thailand na wa Marekani. Watoto wa Embu walipewa alama za juu kwenye hofu, hisia za hatia na maumivu ya mwili. Watoto Wazungu wa Marekani walipewa alama za juu kwenye ubishi, ukaidi na ukatili. Je, watoto wenyewe wanatofautiana hivyo kwa sababu malezi ya Embu yanasisitiza utii, au wazazi wana vizingiti tofauti vya kuona kitu kuwa tatizo? Dodoso la mzazi haliwezi kujibu, kwa sababu limechanganya mtoto na jicho linalomtazama.

Kundi la Weisz lilipata njia ya kuvitenganisha mwaka 1995. Walimu wa Thailand walikuwa wamewapa wanafunzi wao alama za matatizo za juu kuliko walimu wa Marekani walivyowapa wa kwao. Kisha watazamaji waliofunzwa wakaingia madarasani kuhesabu matendo. Walikuta wanafunzi wa Marekani wanaonyesha matendo ya usumbufu na kutozingatia kazi karibu mara mbili ya wale wa Thailand. Alama za walimu na hesabu za watazamaji zilielekea pande tofauti kabisa! Mwalimu aliyezoea darasa tulivu anaona utundu pale ambapo mwenzake haoni kitu.

Sasa mtazame tena mlezi wa kwetu. Mtoto mkimya, asiyejibu, asiyetoka kucheza, anayefanya kazi bila kusukumwa, katika nyumba nyingi atasifiwa kwa adabu. Ukimya huohuo unaweza kuwa sonona. Simlaumu mlezi, kizingiti chake kimewekwa na maisha, na mtoto mmoja mtukutu nyumbani humfanya ndugu yake mnyonge aonekane hana tabu yoyote.

Vipi kuhusu mlezi ambaye mwenyewe ana sonona? Ilidhaniwa kwa muda mrefu kwamba mama mwenye sonona humwona mtoto wake vibaya kuliko alivyo, kwa hiyo ripoti yake ipunguzwe uzito. Mwaka 1992 John Richters alipitia ushahidi uliokuwepo na kuonyesha kwamba tafiti nyingi hazikuwa na kipimo huru cha mtoto cha kuthibitisha dai hilo. Inawezekana kabisa kwamba mtoto wa mama mwenye sonona naye anaumia zaidi, na mama anasema anachokiona. Ni vizuri kulikumbuka hili kabla ya kumpuuza mwanamke aliyechoka anayesema mtoto wake hayuko sawa.

Upande wa mtoto nao una udhaifu wake, na hatumsaidii kwa kuuficha. Craig Edelbrock na wenzake mwaka 1985 waliwahoji watoto kisha wakawahoji tena baada ya siku kadhaa, kuona kama majibu yanashikamana. Kwa watoto wa miaka 6 hadi 9 uwiano ulikuwa 0.43, kwa wa miaka 10 hadi 13 ulikuwa 0.60, na kwa wa miaka 14 hadi 18 ulikuwa 0.71. Mtoto mdogo ambaye hakubaliani na majibu yake mwenyewe ya juzi hawezi kukubaliana sana na mama yake. Miezi 6 kwake ni neno tu. Mhojaji mzoefu haulizi hivyo; anauliza tangu sikukuu ya Idi, tangu Krismasi, tangu shule zilipofunguliwa. Anajua pia kwamba mtoto aliyelelewa kuwaheshimu wakubwa huitikia "ndiyo" kwa kila kitu akidhani ndilo jibu linalotakiwa, kwa hiyo anapenyeza maswali ambayo jibu la "ndiyo" haliwezekani.

Kwa walio wadogo zaidi kuna njia ambayo mimi huipenda. Jennifer Ablow na Jeffrey Measelle, huko Berkeley, Marekani, walibuni mahojiano ya vikaragosi viwili vinavyovaliwa mkononi. Kimoja kinasema, kwa mfano, kwamba kina marafiki wengi. Kingine kinasema hakina. Kisha vinamgeukia mtoto: na wewe je? Hakuna jibu la mtoto mwema na la mtoto mbaya, maana kila jibu limekwisha kusemwa na mtu. Watoto wa miaka 4 hadi 8 hujieleza kwa njia hii kwa namna ambayo maswali ya moja kwa moja hayaiwezi.

Hatua ya mwisho, ya kukubali kusema, hutegemea pia nani amemleta nani. Katika jamii kwa ujumla vijana huripoti matatizo mengi kuliko wazazi wao. Leslie Rescorla na wenzake walilikuta hilo katika jamii 25, kwa zaidi ya jozi 27,000 za vijana na wazazi. Kwenye kliniki hali mara nyingi hugeuka: mzazi ndiye anayetaja mengi, kijana anasema hana tatizo. Mzazi aliyefunga duka na kupanda daladala mbili kumleta mtoto ameshaona shida tayari, na kijana aliyeletwa bila kuulizwa anajitetea.

Baada ya haya yote, majibu yaunganishweje? Kutafuta wastani kati ya 0 ya bibi na 2 ya mjukuu kunatoa 1, tarakimu isiyomwelezea yeyote. Helena Kraemer na wenzake mwaka 2003 walitoa pendekezo lenye akili zaidi: chagua watoa taarifa kwa makusudi ili udhaifu wao usifanane. Mmoja awe anamwona mtoto nyumbani, mwingine nje ya nyumbani, na wa tatu awe mtoto mwenyewe. Watoa taarifa wawili wanaokosea kwa namna moja hukubaliana vizuri na kukupoteza pamoja.

Tena pengo lenyewe lina uzito wake. Robert Ferdinand na wenzake nchini Uholanzi waliwafuatilia vijana kwa miaka 4 na kuchapisha matokeo mwaka 2004. Kutokubaliana kati ya mzazi na kijana kulibashiri baadhi ya mabaya ya baadaye. Huenda pengo linaonyesha nyumba ambamo habari za mtoto hazifiki kwa mkubwa.

Yapo maswali machache ambayo mbele yake hesabu hizi zote hukaa kando. Mwaka 2002 V. Makame, Cornelius Ani na Sally Grantham-McGregor walichapisha utafiti wa Dar es Salaam kuhusu yatima 41 na watoto wengine 41 wasio yatima. Waliwauliza watoto wenyewe. Asilimia 34 ya yatima walisema wamewahi kufikiria kujiua, na asilimia 12 ya wasio yatima. Mawazo kama hayo mlezi huyajua pale tu mtoto anapoyasema, na tukimsubiri mlezi athibitishe tutakuwa tumekichagua kipimo kisichoweza kuyaona. Mtoto akisema anataka kufa, au akisema kuna mtu anamuumiza, hakuna uwiano wa kutafuta. Mhojaji anaweka dodoso pembeni, hamwachi mtoto peke yake, na anamwita mwenye uwezo wa kusaidia siku hiyohiyo, hata kama watu wazima wote wa nyumba ile wameandika 0.